Klachi ya Massey Ferguson 135 ikigoma: pima kwanza, pasua baadaye

Fundi akikwambia "tupasue trekta" kabla hajagusa hata pedeli, mwambie asubiri. Kuitenganisha 135 kati ya injini na gia boksi si kazi ya asubuhi moja, hasa kama unaifanyia chini ya mwembe na jeki ya kuazima. Matatizo mengi yanayobebeshwa jina la "klachi imekufa" hayako ndani kabisa. Yako kwenye mchezo wa pedeli, kwenye fimbo iliyoshika kutu, kwenye mguu wa dereva, au kwenye oili inayovuja taratibu bila mtu kuiona. Na hata yale yaliyo ndani, ukiyapima vizuri kutoka nje unafungua ukijua unakwenda kununua nini, badala ya kutuma kijana kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, mara tatu huku trekta imekaa vipande viwili na mvua imeshaanza.

Nimeandika kwa kufuata 135, trekta iliyoanza kutoka Coventry, Uingereza, mwishoni mwa 1964 ikiwa na injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 3. Mwenye 35, 165 au 240 atajikuta nyumbani, ila vipimo avitoe kwenye kitabu cha trekta yake.

Jua una klachi ipi

135 hazikutoka kiwandani zikiwa sawa. Zipo zenye klachi moja, na zipo zenye klachi mbili ndani ya nyumba moja, zinazokanyagwa kwa pedeli ileile. Hizi za pili ndizo nyingi mashambani kwetu. Ukikanyaga mpaka katikati, unakata mwendo wa matairi peke yake. Ukiendelea hadi chini, unakata pia PTO, yaani shafti ya nyuma inayozungusha mashine ya kupukuchua au ya kufyekea. Mguu unahisi tofauti hiyo: pedeli inakuwa laini kwanza, halafu inakuwa nzito ghafla. Pale inapokuwa nzito ndipo hatua ya pili inapoanza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba pampu ya haidroliki nayo inapata nguvu kupitia klachi hiyo ya PTO. Kwa hiyo mikono ya nyuma ikianza kunyanyua jembe kwa kusuasua, na siku hiyohiyo mashine ya kupukuchua mahindi inapoteza mwendo huku injini inanguruma, usikimbilie kufungua pampu. Pleti ya PTO, yaani sahani ya msuguano ya klachi hiyo, inateleza. Lakini mikono ikiwa dhaifu na PTO ina nguvu zake zote, hapo klachi haina kosa. Tazama kiwango cha oili, chujio na pampu yenyewe.

Kuna na toleo la Multi-Power, lenye kiwiko kidogo cha kubadili mwendo wa juu na wa chini bila kukanyaga klachi. Hili limewapasulisha watu trekta bure. Kama inateleza ukiwa kwenye mwendo wa juu tu, na ukishusha wa chini inavuta vizuri, klachi kuu ni nzima. Mwendo wa juu wa Multi-Power unashikwa na klachi nyingine ndogo inayosukumwa na presha ya oili, na hiyo iko ndani ya gia boksi. Ugomvi wako ni wa presha ya oili. Nikiwa hapohapo: Multi-Power ikiwa kwenye mwendo wa chini, injini haikusaidii kuzuia trekta mteremkoni. Usishuke nayo mlima na tela limejaa.

Kabla ya kujaribu chochote

Paki sehemu tambarare, kavu, isiyo na watoto wala mifugo. Weka kigingi cha mti au jiwe kubwa mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Hakikisha breki zinashika, maana majaribio mengine yanazitegemea. Na usikubali mtu awashe trekta akiwa amesimama kando ya tairi, akigusisha bisibisi kwenye stata. 135 imewekewa swichi inayozuia kuwaka ikiwa kwenye gia. Wengi wameiruka kwa waya, na hiyo ndiyo njia ya kukanyagwa na trekta yako mwenyewe.

Hatua ya 1: mchezo wa pedeli

Zima injini. Sukuma pedeli kwa mkono, si kwa mguu, maana mguu ni mzito na hausikii. Kuna umbali fulani pedeli inashuka kwa ulegevu kabla ya kukutana na uzito wa springi. Huo ndio mchezo. Weka rula kwenye sakafu ya kukanyagia, pima pedeli ilipo ikiwa imeachiwa, pima tena pale uzito unapoanza. Kwa trekta za umri huu sm 2 hadi 2.5 juu ya pedeli ni mahali pazuri pa kuanzia. Kitabu cha 135 kinapimia kwenye mkono wa shafti ya klachi, pembeni mwa gia boksi, kwa hiyo ukiwa nacho fuata cha kwake.

Mchezo ukikosekana kabisa, rilizi beringi (beringi inayosukumwa na pedeli) inakaa inasukuma vidole vya presha pleti (sahani yenye springi inayoibana pleti) muda wote, na klachi haishiki kikamilifu hata kama mguu umeutoa. Itateleza, itapata moto, itanuka. Mchezo ukizidi, mwendo wa pedeli unaishia njiani kabla klachi haijakata, na gia zinalia. Yaani kipimo kimoja kinaweza kuzaa magonjwa mawili yanayopingana, ndiyo maana kinatangulia.

Kumbuka pia kwamba pleti inavyolika, mchezo unapungua wenyewe. Trekta iliyorekebishwa msimu uliopita na sasa haina mchezo haijaharibika, imelika tu. Irekebishe. Lakini ukifika mahali nyuzi za kurekebishia zimeisha na mchezo haupatikani, pleti imefika mwisho.

Kurekebisha kunategemea toleo: nyingine zina fimbo yenye nyuzi na nati ya kufungia, nyingine bolti ya kubana kwenye mkono wa shafti. Legeza, sogeza, kaza, pima tena. Paka grisi kwenye shafti ya pedeli. Shafti ikiwa imeshika kutu, pedeli hairudi juu yenyewe, na dereva atakwambia klachi mbovu kumbe ni springi ya kurudishia tu imekatika au matope yamegandamana pale chini.

Zana sasa. Bolti za 135 ya Coventry ni za inchi. Spana ya milimita inayokaribia kuingia ndiyo inayomaliza kona za bolti. Tafuta seti ya inchi, hata ya mtumba.

Hatua ya 2: je, inateleza?

Washa, injini ipate joto. Vuta breki, weka gia ya juu kabisa, mafuta ya wastani, halafu achia klachi taratibu kama unayetaka kuondoka. Injini inatakiwa kuzama na kuzima. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, inateleza. Fanya mara moja tu na ukate upesi. Ukirudia mara kwa mara unaichoma pleti uliyokuja kuipima.

Dereva mwenyewe ataieleza kwa maneno yake: "Fundi, trekta inapiga kelele lakini haiendi." Kwenye udongo mzito wa mbuga, jembe la diski likizama, mlio wa injini unapanda na trekta inapungua mwendo bila matairi kuzunguka patupu. Hilo la matairi uliangalie. Matairi yakizunguka mahali pamoja, tatizo ni udongo na uzito, si klachi.

Ikiwa mchezo ni sahihi na bado inateleza, zimebaki sababu tatu kubwa: oili kwenye pleti, pleti iliyolika, au springi za presha pleti zilizochoka kwa moto. Hatua ya 4 itakutenganishia ya kwanza.

Kabla ya hapo, muangalie dereva akiwa kazini bila yeye kujua. Wapo wanaoifanya pedeli kuwa mahali pa kupumzishia mguu. Mwingine anaishikilia trekta kwenye mteremko kwa klachi nusu badala ya breki. Klachi mpya mikononi mwa mtu huyo haimalizi msimu wa kulima.

Hatua ya 3: je, haikati?

Injini ikiwa kwenye mzunguko wa chini, kanyaga pedeli hadi mwisho, subiri sekunde kadhaa ili gia zitulie, halafu ingiza rivasi. Ikiingia kimya, klachi inakata. Ikikwaruza kidogo halafu ikakubali, kuna kitu kinaburuta: mchezo umezidi, pleti imepinda, au pleti inagoma kuteleza kwenye meno ya shafti kwa sababu ya kutu. Ikilia bila kukubali kabisa, au ukiingiza gia injini ikiwa imezimwa kisha ukiwasha trekta inaruka mbele hata na pedeli chini (swichi ya stata ikiwa imerukwa), basi pleti imegandamana na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini.

Kugandamana huku ni ugonjwa wa trekta iliyolala. Imekaa masika nzima nje, unyevu umeingia, kutu imeunganisha pleti na chuma. Hapa ndipo watu wanapopasua bila sababu. Jaribu kwanza hivi. Kanyaga pedeli hadi chini, ikaze ibaki chini kwa mti uliokatwa kipimo, ncha moja kwenye pedeli na nyingine kwenye fremu ya kiti, uiache usiku kucha. Asubuhi washa injini kwenye gia huru, ipate moto vizuri, ibaki ikinguruma kwa muda. Joto na mtetemo vinasaidia. Ikiwa haijaachia, zima. Tafuta uwanja mpana na trekta nyingine yenye nguvu, uvutwe kwa mnyororo ukiwa kwenye gia ya juu, pedeli chini, injini ikiwa inawaka kwa kuvutwa. Ongeza na punguza mafuta kwa mishtuko mifupi, gusa breki. Mara nyingi utasikia mlio kama wa bati likipasuka, na imeachia. Anayekuvuta mkubaliane ishara ya mkono kabla, maana ikishawaka trekta yako nayo inakwenda.

Kuna wanaonyanyua matairi ya nyuma kwa jeki, wanawasha kwenye gia, kisha wanaiangusha trekta chini. Usifanye hivyo.

Kwa klachi mbili, pima na hatua ya pili. Ukikanyaga hadi chini, subiri, halafu ingiza kiwiko cha PTO. Kikikwaruza wakati gia za mwendo zinaingia vizuri, hatua ya kwanza ni nzima na ya pili haikati. Hiyo mara nyingi inarekebishika bila kupasua. Kwenye nyumba ya klachi kuna kifuniko kidogo cha bolti mbili. Toa waya wa betri, fungua kifuniko, zungusha injini kwa mkono mpaka skrubu ya kwanza ya kurekebishia ije kwenye tundu. Zipo 3. Pedeli ikiwa imeachiwa, 135 inataka mwanya wa karibu mm 2 chini ya kila skrubu, na zote ziwe sawa. Tumia fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia mwanya), si jicho. Moja ikiwa tofauti na wenzake, pleti inaachiwa upande mmoja na kuburuzwa upande mwingine. Thibitisha kipimo kwenye kitabu cha toleo lako kabla hujakaza nati.

Hatua ya 4: lala chini uangalie tundu

Hii naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji hata spana. Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye spliti pini inayoning'inia kwa ulegevu. Haikuwekwa kufunga kitu. Kazi yake ni kutikisika ili tundu lisizibe. Itikise. Kama imegandamana na matope, oili yoyote iliyovuja imekaa ndani ikirushwa kwenye pleti. Zibua kwa waya.

Kinachodondoka kikusanye kwenye kifuniko cheupe cha ndoo, ukiangalie juani. Oili nyeusi kama masizi, nyepesi, yenye harufu ya moshi wa dizeli, imetoka kwenye injini: sili (kizuia oili) ya nyuma ya krenkshafti. Oili ya rangi ya asali au kahawia, nzito kidogo, inatoka gia boksi, kwenye sili za shafti. 135 inatumia oili moja kwa gia na haidroliki, kwa hiyo utaona pia kijiti cha kupimia kinashuka bila sababu. Tundu likiwa kavu kabisa na limezibuliwa, na klachi inateleza, na mchezo uko sawa, basi oili si mshtakiwa. Pleti imelika au springi zimechoka.

Kuna wanaofungua kifuniko na kumwaga petroli ndani ili kuosha pleti. Itashika siku mbili, tatu. Sili bado inavuja, na wewe umemwaga petroli karibu na stata inayotoa cheche.

Hatua ya 5: sikiliza

Kelele ikija pale mguu unapogusa pedeli na kuondoka ukiuachia, ni rilizi beringi. Kelele ikiwepo wakati pedeli iko juu na ikapotea ukikanyaga, ni beringi ya mbele ya gia boksi. Mlio unaokuja pedeli ikiwa chini kabisa na gia imeingia ni beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Trekta ikitetemeka na kuruka-ruka wakati wa kuondoka, kaza kwanza bolti zote zinazounganisha injini na gia boksi na zile za ekseli ya mbele. Bado inatetemeka? Kuna oili kidogo kwenye pleti, au flaiwili ina madoa magumu ya moto.

Sasa pasua

Ukifika hapa unajua unachofuata. Nunua kabla hujafungua: pleti (mbili kama ni klachi mbili), rilizi beringi, beringi ya flaiwili, sili ya injini na za gia boksi. Sili ni za bei ndogo kuliko kupasua mara ya pili. Dar es Salaam utazunguka Gerezani na Kariakoo, Nairobi ni Kirinyaga Road. Nenda na namba ya trekta na, ikiwezekana, pleti ya zamani, kwa sababu vipimo na idadi ya meno ya katikati vinatofautiana. Hesabu meno hapohapo kaunta.

Jambo la kwanza kabisa ni vigingi. Ekseli ya mbele ya 135 inacheza kwenye pini ya katikati, hivyo ukishaitenga injini itapinduka upande. Kata vigingi viwili vya mti mgumu, uvigongelee kati ya ekseli na fremu, kulia na kushoto, mpaka mbele yote iwe kitu kimoja kisichoyumba. Weka stendi imara chini ya gia boksi, si matofali, matofali hupasuka. Chini ya injini weka jeki ya magurudumu.

Toa betri, boneti, nyaya, bomba la dizeli, kebo za geji, bomba za haidroliki kama zipo, na fimbo za usukani pande zote mbili zinapokutana na mikono ya mbele. Piga picha kila kitu kwa simu. Legeza bolti za kuzunguka, acha mbili za pembeni mwisho, kisha sogeza mbele taratibu, mtu mmoja akiangalia shafti zinavyotoka. Kwenye klachi mbili shafti ziko mbili, moja ndani ya nyingine, na hazipendi kubebeshwa uzito wa injini.

Vumbi la ndani usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na mapafu hayana akiba. Lilowanishe, ulifute kwa tambara, ulitupe likiwa limefungwa.

Sasa tazama. Vichwa vya ribiti vikikaribia uso wa pleti, imekwisha. Flaiwili yenye mipasuko midogo au madoa ya bluu ipeleke ikasuguliwe. Vidole vya presha pleti viwe na urefu sawa. Seti ya klachi mbili usiifungue bila bolti ndefu 3 za kuibana, kwani springi zake zina nguvu ya kuvunja mkono. Kwa maoni yangu, ikiwa huna vifaa, nunua seti nzima au ipeleke kwa fundi wa karakana.

Kufunga kunashindikana sehemu moja: pleti kutokaa katikati. Shafti ya zamani ya gia boksi ndiyo kifaa bora cha kuipanga. Ukikosa, fundi seremala akuchongee mti kwa mashine, uingie bila kucheza kwenye pleti na kwenye beringi ya flaiwili. Paka grisi kiasi cha ukucha kwenye meno ya shafti, si zaidi, ikizidi itarukia pleti.

Unaporudisha vipande viwili, visukume kwa mkono tu. Vikigoma kukutana, usivivute kwa bolti. Meno hayajalingana, na ukilazimisha utapinda pleti mpya. Weka gia, mtu azungushe tairi la nyuma kidogo kidogo (limenyanyuliwa), mwingine azungushe shafti ya PTO nyuma kwa mkono. Ghafla vitaingia vyenyewe mpaka uso ukutane na uso. Ndipo ukaze bolti, kwa kuzunguka, si upande mmoja kwanza.

Toa vigingi vya ekseli kabla hujawasha, maana vinasahaulika. Weka mchezo wa pedeli upya, pima skrubu 3 za PTO, kisha rudia jaribio la kuteleza na la rivasi kama mwanzo. Siku ya kwanza vuta tela tupu au haro nyepesi, si jembe. Pleti mpya hukaa mahali pake kwa kulika kidogo, kwa hiyo jioni ile pima mchezo tena, na upime tena baada ya ekari za kwanza za kulima. Ukikuta umepungua chini ya sm 2, rekebisha hapohapo shambani.